Mkunga Naye Hujifunza Kila Wiki

Mama mjamzito anapokaribia siku zake huandaa mkoba. Hutia kanga safi, pamba, glavu, nguo za mtoto na kadi ya kliniki. Vitu hivyo amevikusanya kidogo kidogo kwa miezi kadhaa. Lakini kuna kimoja asichoweza kukinunua wala kukifunga katika mkoba: ujuzi wa mikono itakayompokea mtoto wake.

Wengi wetu tunaamini kwamba mtu akishamaliza chuo, akapata cheti na kuvaa sare nyeupe, basi amekwisha jifunza. Hata mama anayepika kila siku husahau kipimo cha chakula anachokipika mara moja kwa mwaka. Je, si zaidi mkunga anayetakiwa kufanya jambo gumu ndani ya dakika moja, tena usiku, huku akina mama wengine wawili wakimwita? Mwezi huu tumeona vema tulitazame jambo hili, maana linagusa uhai wa watoto wetu na wa sisi wenyewe.

MTOTO ALIYECHOKA

Watoto walio wengi huzaliwa wakalia mara moja, na nyumba nzima ikafurahi. Lakini kati ya watoto 100, wapatao 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ili waanze kupumua. Huyo ndiye tunayemwita mtoto aliyezaliwa amechoka.

Msaada wenyewe si wa mitambo mikubwa. Mtoto hukaushwa vizuri kwa kitambaa, hufunikwa apate joto, husuguliwa mgongoni, na kama njia ya hewa imeziba husafishwa. Wengi huanza kulia hapo hapo. Asipopumua, mkunga humwekea barakoa ndogo puani na mdomoni, kisha hubonyeza mfuko wa hewa taratibu hadi kifua kiinuke. Haya yote yanatakiwa yawe yameanza kabla ya dakika moja kupita. Wakunga huiita dakika hiyo dakika ya dhahabu, na jina hilo linaifaa kabisa.

Mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua yaliletwa katika hospitali kadhaa hapa Tanzania. Wakunga walifundishwa kwa kutumia mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto mchanga, ambaye kifua chake huinuka hewa ikiingia sawasawa.

SEMINA YA SIKU MOJA

Moja ya hospitali hizo ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko Mbulu, mkoani Manyara. Hospitali hii ilianza mwaka 1955, nayo huhudumia watu wa vijijini wanaotoka mbali sana, wengine kwa miguu. Wakati huo akina mama karibu 5,000 walikuwa wakijifungulia hapo kila mwaka.

Wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa kwa mwanasesere, walikuwa wamepiga hatua kubwa. Kabla ya mafunzo, ni 18 tu kati ya 100 walioweza kumhudumia ipasavyo mtoto asiyepumua. Miezi kadhaa baada ya mafunzo walikuwa 74 kati ya 100. Mtu yeyote angesema kazi imekwisha, cheti kitolewe, watu warudi kazini.

Lakini wataalamu wa Haydom hawakuishia hapo. Waliingia chumba cha kujifungulia, wakatazama yanayotendeka kwa watoto wenyewe. Wakakuta kwamba huduma haikuwa imebadilika, na vifo vya watoto wachanga havikupungua. Yale yaliyofanyika vizuri mbele ya mwalimu hayakufika kitandani kwa mama. Matokeo hayo walitangaza wazi mwaka 2013, ili wengine nao wapate kujifunza.

Tunawaheshimu kwa jambo hilo. Ni rahisi kuhesabu semina na watu waliohudhuria. Ni vigumu zaidi kuhesabu watoto waliopona, kisha ukakubali yale ambayo hesabu inakuambia.

HABA NA HABA

Haydom ilifanya nini basi? Haikuongeza semina ndefu za mjini. Ilimleta mwanasesere karibu na chumba cha kujifungulia, na wakunga wakafanya mazoezi ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, papo hapo kazini. Mara moja kwa mwezi yalifanyika mazoezi marefu kidogo, ya dakika 40. Walioyasimamia walikuwa wafanyakazi wa hospitali hiyo hiyo.

Mambo yaliyofuata yalichapishwa mwaka 2015. Katika mwaka mmoja wa mazoezi hayo, watoto wengi zaidi walisuguliwa na kusafishwa njia ya hewa mapema, na waliohitaji mfuko wa hewa wakawa wachache. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11 hivi hadi 7 hivi katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaotumia methali hiyo kwa akiba ya fedha, hapa tunaiona ikijaza kibaba cha uhai.

KIONGOZI NAYE NI MWANAFUNZI

Mazoezi kama hayo hayadumu yenyewe. Lazima awepo mtu wodini wa kusema, "Leo ni zamu yetu ya mazoezi, njooni." Mtu huyo huwa ni mkunga au daktari aliyepewa jukumu la kusimamia ubora wa huduma na usalama wa wagonjwa. Naye pia anahitaji kuendelea kufundishwa, kwa sababu kazi yake ni tofauti na ile aliyoisomea chuoni. Anatakiwa ajue kusoma takwimu za wodi yake, aone mwezi huu tatizo ni watoto kuchoka au akina mama kutokwa damu nyingi, kisha achague zoezi linalofaa. Anatakiwa pia ajue kuongoza mazungumzo baada ya zoezi bila kumwaibisha mtu. Mkunga anayeogopa kufokewa huficha kosa, na kosa lililofichwa hurudi tena kwa mama mwingine.

Njia hii ilipanuliwa kati ya mwaka 2021 na 2023. Haydom, ikishirikiana na Wizara ya Afya na wengine, iliipeleka katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Vituo hivyo vilipewa vifaa bora, kikiwamo kile kiitwacho Moyo, kinachofungwa tumboni mwa mama kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto. Kila kituo kilikuwa na watu wake waliofundishwa kuongoza mazoezi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa, pamoja na wale wanaozaliwa wamekufa, vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 katika kila watoto 1,000. Vifo vya akina mama katika vituo hivyo vilipungua kwa asilimia 75 hivi. Mikoa haikufanana, mingine ilipata nafuu kubwa kuliko mingine. Lakini njia imeonekana.

SISI AKINA MAMA TUFANYE NINI?

Kwanza, twende kliniki mapema na tufike kituoni kabla uchungu haujatuzidi. Mkunga aliyejizoeza hawezi kumsaidia mtoto aliyezaliwa njiani.

Pili, tuulize kwa adabu. Siku ya kliniki si vibaya kumwuliza nesi, "Dada, mtoto akizaliwa amechoka, mna vifaa vya kumsaidia? Huwa mnafanya mazoezi?" Swali la heshima humkumbusha mtu wajibu wake bila kumuudhi.

Tatu, wapo miongoni mwetu, au waume zetu, walio katika bodi za hospitali na kamati za zahanati. Taarifa zinaposomwa, tusiridhike kuambiwa ni wangapi walikwenda semina. Tuulize mazoezi ya mwisho wodini yalifanyika lini, nani aliyaongoza, na vifo vimepungua au vimeongezeka. Mwanasesere mmoja ni kitu ambacho hata kikundi cha akina mama kinaweza kukichangia.

Nne, kama mkunga huyo ni binti yako au mkweo, mpe nafasi. Akichelewa kurudi kwa sababu ya mazoezi, au akiaga kwenda kusoma tena akiwa na watoto wadogo, tusiseme, "Huyu hatosheki na elimu?" Tumshikie mtoto, tumwachie chakula mezani. Siku moja mikono yake itampokea mjukuu wa jirani ambaye hakulia, na dakika ya dhahabu itakuwa imeanza kuhesabiwa.