Je, Wajua? Nani Alimuua Duncan?

Je, wajua kwamba katika tamthilia ya Macbeth wachawi watatu hawamwambii Macbeth amuue mtu yeyote? Rudi mwanzoni uisome tena. Wanamsalimu kwa vyeo vitatu: bwana wa Glamis, ambaye tayari ndiye, bwana wa Cawdor, cheo alichokwisha kupewa ila habari haijamfikia, na mfalme wa baadaye. Basi. Hawakutaja kisu, wala usiku, wala mzee aliyelala. Mawazo ya kuua yalimjia Macbeth mwenyewe palepale njiani, kabla hajafika nyumbani kwa mkewe.

Na shahidi yupo. Banquo alikuwa naye bega kwa bega, akasikia bishara inayomhusu yeye pia: kwamba uzao wake utatawala. Ndoto za wachawi zilimsumbua, anakiri hivyo. Lakini kulipopambazuka, mikono ya Banquo ilikuwa mikavu.

Kwa asiyeijua hadithi: Macbeth ni jemadari wa Uskoti. Mfalme Duncan anakuja kulala kwake kama mgeni, na usiku huohuo mwenyeji anamuua ili akalie kiti chake. Damu ya kwanza inadai ya pili, ya pili inadai ya tatu, mpaka anaagiza watoto wa Macduff wauawe pamoja na mama yao. Shakespeare aliiandika karibu mwaka 1606. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka 7 baada ya kifo chake, nayo ndiyo fupi kuliko tanzia zake zote.

Je, wajua kwamba ipo kwa Kiswahili? S. S. Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1968. Hapo Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuitafsiri Julius Caesar, mwaka 1963. Ni jambo la kutafakari kwamba kati ya tamthilia zote za Shakespeare, zile zilizovuka kwanza kuja kwetu ni hizi za watu wanaomuua mkubwa wao na kubaki na mzigo.

Je, wajua kwamba Macbeth alikuwa mtu wa kweli? Alitawala Uskoti kuanzia mwaka 1040 hadi 1057. Duncan wa kweli hakuwa mzee wa mvi, na hakuuawa kitandani: alikufa vitani, karibu na Elgin. Mwaka 1050 Macbeth alikwenda kuhiji Roma, na mwandishi mmoja wa zama hizo aliandika kwamba alimwaga fedha kwa maskini kama mtu apandaye mbegu. Mkewe aliitwa Gruoch, na wawili hao waliwapa watawa wa Loch Leven ardhi. Katika tamthilia mama huyu hana hata jina lake mwenyewe. Anaitwa kwa jina la mumewe tu.

Na Banquo, yule mwenye mikono mikavu? Katika kitabu cha historia cha Holinshed, ambamo Shakespeare alichota kisa hiki, Banquo alikuwa mshirika katika njama ya mauaji. Shakespeare akamsafisha. Sababu si ngumu kuikisia: Mfalme James wa Kwanza, aliyeshika Uingereza mwaka 1603, alijihesabu wa uzao wa Banquo. Mfalme huyohuyo alikuwa ameandika kitabu kizima kuhusu wachawi, mwaka 1597. Mtunzi alijua nani anakaa kiti cha mbele.

Sasa tuilete kesi kwetu Meru, milima ya Nyambene. Hapa Maua, magari ya miraa yakishaondoka mbio kuelekea Nairobi, vibaraza hubaki na wazee, vijiti vya kangeta vikitafunwa taratibu, majani ya mgomba yaliyofungia miraa yakiwa yametapakaa chini. Wapelekee wazee hao kisa cha Duncan. Sidhani watahangaika na wachawi. Watauliza: mgeni alilala kwa nani? Na hilo ndilo swali ambalo Macbeth mwenyewe anajiuliza kabla ya kuua. Anajihesabia sababu za kutofanya: huyu ni jamaa yangu, mimi ni mtumishi wake, na zaidi ya yote mimi ndiye mwenyeji wake, niliyepaswa kumfungia mlango muuaji. Anamaliza kwa kukiri kwamba hana kinachomsukuma ila tamaa ya makuu. Mwanasheria wa utetezi akisoma ukurasa huo, atafunga faili.

Je, wajua kwamba Wameru wa zamani hawakuwa na kiti cha kifalme cha kuulia mtu? Utawala ulikwenda kwa marika. Rika lililoshika nchi lilikabidhi kwa rika lililofuata katika sherehe iliyoitwa ntuiko, na juu ya mabaraza ya wazee likakaa Njuri Ncheke, ambalo makao yake hadi leo yako Nchiru, Tigania. Mwenye haraka ya ukubwa angelazimika kungoja na wenzake wote aliotahiriwa nao. Sisemi kwamba uchu wa madaraka haukuwapo. Nasema ulipangiwa foleni.

Alikuwepo pia Mugwe, kiongozi wa dini na baraka. Padri na mwanaanthropolojia Bernardo Bernardi alitoa kitabu juu yake mwaka 1959. Kwa Waimenti, miongoni mwa Wameru, mkono wa kushoto wa Mugwe ulikuwa ukifichwa, kwa kuwa ndio uliobeba nguvu yake ya kubariki. Mkono mwingine unaofichwa katika habari hizi ni ule wa mke wa Macbeth, na wenyewe haukubeba baraka.

Je, wajua kwamba kwa mila za Wameru, damu ya mtu haikulipwa na muuaji peke yake? Ukoo wake ndio uliotoa mifugo kwa ukoo wa marehemu. Msomaji wa leo anaweza kuona hapo mwanya wa kukwepa: mimi niue, ami alipe. Mimi naona kinyume. Ng'ombe wa ami akiwa rehani kwa hasira zako, ami anakuwa mlinzi wako mchana na usiku, na siku ukikosea hutapata pa kuketi kwenye mkutano wa ukoo. Macbeth hana ami wa namna hiyo. Ana mke tu, na mke yuko upande wa kisu.

Kuhusu kiapo, Njuri Ncheke bado linaapisha watu, hasa kwenye kesi za mashamba. Kiapo cha nthenge, yaani cha beberu, kinajulikana Meru nzima. Utaratibu wake hauhitaji mpelelezi. Pande mbili zinaapa, kisha kila mtu anarudi kwake kungoja, na mwenye uongo ndiye anayejua kwamba anangojwa. Ndiyo maana wengine hukiri kabla siku ya kiapo haijafika. Sasa mtazame Macbeth dakika chache baada ya kuua. Anasikia watu wakisali chumba cha pili, anataka kuitikia amina, na amina inamkwama kooni. Hakuna mzee aliyemwapisha. Kitu hicho amekibeba kifuani mwake mwenyewe.

Je, wajua kwamba chini ya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, mke wa Macbeth angesimama kizimbani sawa na mumewe? Kifungu cha 20 kinamhesabu aliyeshauri, aliyesaidia na aliyewezesha kuwa mtenda kosa. Na mama huyu alifanya yote matatu. Alimkejeli mumewe mpaka akakubali. Aliwalewesha walinzi. Aliviweka visu tayari, na mumewe alipotoka navyo kwa kuchanganyikiwa, yeye ndiye aliyevirudisha na kuwapaka walinzi damu. Jambo moja tu lilimshinda: anasema angemuua Duncan mwenyewe, kama usingizini mzee huyo hangefanana na baba yake. Wengi hulipita neno hilo haraka. Kwangu hapo ndipo alipoanza kuugua, maana tangu mwanzo alijua anachokifanya ni nini.

Faili lenyewe lisingebaki Maua. Mahakama ya hakimu haisikilizi kesi ya mauaji. Lingepelekwa Mahakama Kuu, Meru. Na tangu tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakiuka Katiba, jaji husikiliza pia maelezo ya kujitetea kabla ya kutoa adhabu. Zamani mshawishi na mshawishiwa, wakipatikana na hatia ya mauaji, walipata kamba moja. Siku hizi jaji anaweza kupima nani alibeba kiasi gani.

Wachawi je? Kenya ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1925, nao wangeweza kushtakiwa kwa makosa yao wenyewe, ya kujitangaza na kutisha watu. Lakini kutabiri kwamba mtu atakuwa mfalme si kumshauri aue. Ukienda kwa mpiga ramli akakwambia utakuwa MCA, kisha ukamsukuma mshindani wako kwenye korongo, usimtafute mpiga ramli akudhamini.

Je, wajua kwamba huku kwetu mwenye bishara ndiye aliyetangulia kunyongwa? Kinjeketile Ngwale, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, mwaka 1969, alimpa mtu huyo mzigo ambao Shakespeare hakuwapa wachawi wake: kujiuliza neno lake litafanya nini likishatoka kinywani. Wachawi wa Uskoti wanatoweka hewani. Hakuna anayewadai hesabu.

Je, wajua kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe kwa sababu familia mbili zilikuwa zimepatana kwa mila na fidia ikalipwa kwa mifugo, ngamia wakiwemo? Wanasheria waligawanyika na bado wanabishana. Katiba ya 2010, Ibara ya 159, inazitambua njia za jadi za kumaliza migogoro, ila inaziwekea mipaka. Duncan aliacha wana wawili. Sijui ni ngamia wangapi wangewarudisha kutoka uhamishoni.

Kuhusu kunawa mikono: mwaka 2006 watafiti Chen-Bo Zhong na Katie Liljenquist walichapisha katika jarida la Science kwamba watu waliokumbushwa ovu walilotenda walichagua kitambaa cha kujisafishia mikono zaidi kuliko wengine. Jambo hilo likapewa jina la Macbeth. Watafiti wengine waliporudia baadhi ya majaribio hayo, hawakupata matokeo yaleyale. Hata mke wa Macbeth angewaambia kwamba kunawa hakutoshi: anatembea usingizini, anasugua, anasugua, na harufu haitoki. Na hayo yanafanywa na yuleyule aliyemwambia mumewe, usiku wa mauaji, kwamba maji kidogo yanatosha.

Daktari anayeitwa amtazame anasema ugonjwa huo umemzidi. Mgonjwa anahitaji kasisi kuliko tabibu. Maua pana hospitali ya Wamethodisti iliyoanza na wamisionari karibu miaka 100 iliyopita, kwa hiyo hapa asingetumwa mbali.

Je, wajua kwamba mwambao una Macbeth wake, na ni kijana? Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mfalme wa Pate anamtuma mwana wa Liyongo kwa baba yake akaulize siri: kitu gani kinaweza kumuua? Kijana ameahidiwa uwaziri na binti wa mfalme. Liyongo anashuku, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kijana anasubiri baba yake alale. Baada ya hapo hapati alichoahidiwa, anadhoofika, anakufa. Tamaa mbele, mauti nyuma, na katika utenzi huu mauti hayakukawia.

Kisa hicho kilipanda milima kikafika karibu na sisi. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alikigeuza kuwa tamthilia ya Kifo Kisimani, iliyotoka mwaka 2001 na baadaye ikawa setibuku ya KCSE. Gege anamsaliti ndugu yake Mwelusi kwa ahadi ya kuozwa binti wa mtawala Bokono. Wanafunzi wengi wa hapa Igembe waliisoma, na swali lililorudi darasani kila muhula ni lilelile: alaumiwe Gege au alaumiwe Bokono? Watoto wa shule hupenda kumtetea Gege. Alitumwa, wanasema. Alikuwa mchanga. Alidanganywa.

Utetezi huo haumfai Macbeth, na yeye hautumii. Mwishoni msitu aliodhani hauwezi kutembea umemjia mpaka mlangoni, Macduff, baba wa wale watoto waliouawa, amemwambia hakuzaliwa kwa njia ya kawaida, na bishara zote alizozitegemea zimemgeuka. Anawalaani wachawi kwa maneno yao yenye ncha mbili. Kwamba walimtuma, hasemi hata mara moja. Mkewe hamtaji.