Tope Lipimwe Kabla Halijanuka

Bwawa la majitaka husafisha kwa kuyapa maji muda. Yakitulia siku kadhaa, uchafu mzito huzama, na bakteria wasiohitaji hewa huuozesha na kutoa gesi ya methani. Lakini mchanga hauozi, wala kromi ya viwanda vya ngozi. Hivyo hubaki chini mwaka baada ya mwaka na kulipunguzia bwawa nafasi. Bwawa la kina cha mita 4 lililojengwa lishike maji siku 5, likijaa tope mita 2, hubakiwa na takriban nusu ya muda huo. Tena tope halitandi sawasawa: hurundikana palipo na bomba la kuingizia, maji yakajipatia mkondo wa mkato na kutoka bado machafu. Anayeumia ni mtumiaji wa mto. Mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, yaliyopokea majitaka ya viwandani na ya magari ya kunyonya vyoo, humwaga maji yake Mto Msimbazi.

Ndiyo maana tope liondolewe kwa kipimo, si kwa kungoja harufu, kwani harufu huja muda umekwisha kupotea. Kipimo chenyewe ni rahisi: ufito mrefu uliozungushiwa taulo jeupe hushushwa wima, polepole, hadi sakafu ya bwawa, kisha huvutwa juu. Sehemu ya taulo iliyoshika chembe nyeusi ndiyo kimo cha tope. Kwa bwawa la kuozeshea la namna hii, tope likifika theluthi ya kina, wakati wa kulitoa umefika.

Wenye viwanda husema kazi hii ni ghali na husimamisha uzalishaji. Gharama ipo, ila pampu inayoelea huweza kunyonya tope bwawa likiendelea kufanya kazi, na penye mabwawa mawili sambamba, moja hupumzishwa. Wengine wanahofu kuwaondoa bakteria. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kubakiza tope kiasi liwe mbegu. Gumu zaidi ni pa kulipeleka. Tope hukaushwa kwenye vitanda vya mchanga juu ya kokoto, lakini kukauka si kuwa salama: mayai ya minyoo huishi muda mrefu, na kromi haipotei kwa jua. Lipimwe maabara kabla ya kuitwa mbolea. Kiwanda kinachotenga fedha za tope kila mwaka hulipa deni lake chenyewe; kisichotenga humwachia mkulima wa bondeni alilipe.