Je, Wajua? Mafuta ya Supachaja ya Kale Hulainisha na Kushika kwa Wakati Mmoja

Supachaja ni pampu ya hewa inayoendeshwa na injini yenyewe kwa mkanda au gia, na kazi yake ni kusukuma ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeweza kuivuta bila msaada, ili petroli nyingi zaidi iungue na nguvu ya gari iongezeke. Manufaa yake hudhihirika katika mji kama Kakamega, ulioko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa kuwa katika kimo hicho kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, huwa pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya sita ikilinganishwa na Mombasa. Injini ya kawaida ipandayo kutoka Kisumu kupitia Kiboswa na Chavakali huzidi kupungukiwa na hewa kadiri inavyopanda, ilhali injini yenye supachaja hufidiwa sehemu kubwa ya upungufu huo. Hata hivyo, kifaa hicho huzunguka kwa kasi kubwa mno, na uhai wake hutegemea kiasi kidogo cha mafuta ambayo mwenye gari la kale hulazimika kuyachagua kwa uangalifu.

Historia ya kifaa hiki ni ndefu kuliko ya gari lenyewe. Ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao ya hewa mwaka 1860, nayo ilitumika viwandani kabla haijafungwa kwenye magari. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alipata hataza ya kuisukumia injini hewa mwaka 1885. Na mwaka 1921 magari ya Mercedes yenye supachaja yalionyeshwa Berlin yakiwa tayari kuuzwa. Tangu hapo zilienea aina tatu kuu: ile ya Roots, yenye rota mbili zinazozunguka sambamba bila kugusana, ile ya vibapa, ambamo vibapa huteleza ndani ya rota na kusukuma hewa, na ile ya gurudumu la mapezi, ambayo huirusha hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kasi. Kila aina ina hitaji lake la mafuta, na yanayoifaa moja yanaweza kuiharibu nyingine.

Aina ya tatu ndiyo yenye fumbo kubwa zaidi. Supachaja ya McCulloch, iliyofungwa kwenye Studebaker Golden Hawk ya 1957 na kwenye baadhi ya Ford Thunderbird za mwaka huohuo, ililazimika kuongeza mwendo wa puli zaidi ya mara nne ili gurudumu lake la mapezi lifikie makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Badala ya gia zenye meno, wahandisi walitumia golori za chuma zilizobanwa kwa nguvu kati ya shafti ya katikati na njia za duara zinazoizunguka, hivi kwamba mwendo hupitishwa kwa mshiko wa chuma dhidi ya chuma pekee. Kanuni hiyo inafanana na ile ya dainamo ya baiskeli, ambayo kichwa chake kidogo huegemezwa kwenye tairi kubwa na kuzungushwa haraka kwa msuguano, na ambayo huteleza na kufifisha taa pale tairi linapolowa.

Mafuta ya mashine kama hiyo yana majukumu mawili yanayoonekana kupingana, kwani yanatakiwa kuzuia chuma kisilike na, papo hapo, kuzuia golori zisiteleze. Jambo hilo huwezekana kwa sababu golori inapobana dhidi ya njia yake, mgandamizo mahali hapo huwa mkubwa kiasi kwamba utando mwembamba wa mafuta hugeuka kuwa karibu yabisi kwa muda mfupi sana, ukapitisha nguvu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ukarudi kuwa kimiminika. Kwa hiyo mafuta mazito ya injini hayafai hapa, na kinachotumika ni mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki, ambayo kwa kawaida ni mekundu na hujulikana madukani kwa herufi ATF. Hata miongoni mwa ATF kuna tofauti muhimu: zile za jamii ya Dexron, jina lililoanzishwa na General Motors mwaka 1967, huwekwa kemikali za kupunguza msuguano ili gia zibadilike kwa ulaini, ilhali zile za Type F, zilizotokana na masharti ya Ford, hazina kemikali hizo na hivyo hushika vizuri zaidi. Ndiyo maana Type F hupendekezwa kwa supachaja za golori.

Supachaja ya Roots hutaka kitu tofauti, kwa maana rota zake hazihitaji mafuta hata kidogo, bali yanayohitaji mafuta ni magurudumu ya gia yaliyo mwishoni mwa shafti, ambayo huzifanya rota zizunguke kwa mpango zisigongane. Hapa namba za makopo huwapotosha wengi, kwa kuwa kipimo cha mnato, yaani uzito wa mafuta katika kutiririka, si kimoja kwa mafuta ya injini na ya gia: mafuta ya gia ya namba 90 yana mnato unaokaribiana na ule wa mafuta ya injini ya namba 40 au 50. Aidha, mafuta ya gia ya daraja la GL-5 huwa na kemikali nyingi za salfa zinazoweza kula shaba na shaba nyeusi, metali ambazo hupatikana katika beringi na bushi nyingi za zamani. Kiasi nacho kina mipaka yake, kwani mafuta yakizidi hupigwapigwa na gia yakafanya povu, yakapata joto, kisha yakapenya sili na kuungua katika injini kwa moshi wa samawati.

Afrika Mashariki ina nasaba na vilainishi hivi, kwa kuwa mbarika, ambao asili yake inahusishwa na ukanda huu, ndio uliotoa mafuta yaliyopendwa na madereva wa mbio za kale na marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, na jina Castrol, lililoanza 1909, lilitokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Mafuta ya mbarika hayachanganyiki vyema na yale yatokanayo na petroli ghafi; kwa hiyo gari lililowahi kuyatumia sharti lisafishwe kabisa kabla ya kubadilishiwa.

Mvua nyingi za Kakamega huongeza sharti jingine, kwani gari la kale ambalo huegeshwa kwa majuma mengi huvuta unyevu kupitia tundu la kupumulia, na maji yakichanganyika na mafuta huyageuza yawe na rangi ya maziwa na kuanzisha kutu kwenye beringi. Mafuta ya aina hiyo humwagwa yote hata kama hayajatembea kilomita nyingi, na hukusanywa kwenye chombo badala ya kumwagwa mtaroni.

Mwenye gari la namna hii anapaswa kwanza kuitambua aina ya supachaja yake, kisha kusoma kitabu cha mtengenezaji, na ndipo aende dukani kununua kopo lenye lakiri kamili na alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Bei ya kopo na uzito wa mafuta si vigezo vya kutosha. Kigezo kikuu ni namna mashine inavyopitisha nguvu, na fundi asiyeifahamu namna hiyo asiruhusiwe kuijaza.