Kisigino cha soksi na karatasi zisizosahihishwa

Wenzangu katika idara ya isimu wamezizoea tabia zangu nyingi zisizo na madhara. Ipo moja tu ambayo hadi leo huwafanya waangue kicheko: mimi hufuma soksi. Huzifuma kwa mkono, kwa sindano tano nyembamba na uzi wa sufu, nikiwa nimeketi barazani nyumbani kwetu Runyenjes wakati wa likizo. Na, ole wangu, hata wakati ambao si wa likizo. Mwenzangu mmoja aliponiona nazo kwa mara ya kwanza aliniuliza, kwa sauti ya huruma, iwapo mishahara ilikuwa imechelewa kiasi hicho.

Swali lake halikuniudhi, maana lina mantiki yake. Soksi ni kitu cha bei rahisi mno. Siku ya soko pale Runyenjes hukosi kijana aliyezitundika begani akizinadi kwa bei ya kikombe cha chai na andazi. Yangu mimi huchukua wiki tatu. Siku moja nilipiga hesabu nikaona kwamba soksi moja tu ya mguu wa mtu mzima ina vitanzi zaidi ya 12,000, na kila kimoja kati ya hivyo hupita kwenye ncha ya sindano peke yake. Ikiwa mtu mwenye shahada ya uzamifu anautumia wakati wake hivyo, basi jamii ina haki ya kumtaka maelezo.

Maelezo yangu yanaanzia darasani. Mimi ni wa kizazi cha mwanzo cha mfumo wa 8-4-4, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 1985. Wasomaji wa rika langu watakumbuka Sayansi Kimu, somo lililotulazimisha sote, wavulana kwa wasichana, kupika, kushona na kufuma. Sindano za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo tulitumia spoki za baiskeli, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoshika gurudumu. Tulizinoa ncha kwenye jiwe hadi zikang'aa. Wazee wenye baiskeli walijifunza kutoziacha nje ya kanisa karibu na siku ya ukaguzi wa kazi za mikono. Miaka mingi baadaye niligundua jambo lililonifurahisha: spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, na huo ndio unene unaotakikana kwa sindano ya soksi. Tulidhani tunatumia vya umaskini, kumbe tulikuwa na kifaa chenyewe hasa.

Tulifuma nini? Vipande vya mraba visivyo na kazi, na soksi za mtoto mchanga ambazo hakuna mtoto mchanga aliyezivaa. Kisha ukafika mtihani wa KCPE, na ujuzi wote huo ukapimwa kwa maswali ya kuchagua jibu: A, B, C au D. Mtahiniwa ambaye hakuwahi kushika sindano aliweza kupata alama zote, na aliyefuma sweta nzima akaanguka. Sishangai kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000, masomo ya mtihani huo yalipopunguzwa, Sayansi Kimu pamoja na Sanaa na Ufundi yalitupwa nje na watu wachache sana wakayalilia. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, ulizirejesha kazi za mikono. Lakini mzazi yeyote atakuambia ni nani aliyekesha akiitengeneza kazi hiyo ili mtoto aipeleke shuleni asubuhi.

Nyumbani kwetu ufumaji ulikuwa na historia ndefu zaidi, na si yote iliyo ya kuchekesha. Nyanya yangu aliishika sindano katika miaka ya Hali ya Hatari. Hali hiyo ilitangazwa Oktoba 1952, na kuanzia 1954 watu wa wilaya za Mlima Kenya, Embu ikiwemo, walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Mwaka huohuo wa 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa imeanzisha chama cha Maendeleo ya Wanawake. Vilabu vyake viliwafundisha akina mama ulezi, upishi, ushonaji na ufumaji, na serikali haikuficha sana tumaini lake kwamba mwanamke mwenye uzi mkononi hatapeleka chakula msituni. Nyanya alihudhuria. Alijifunza kufuma barabara. Kuhusu hilo somo la pili, la utiifu, alikuwa na kimya chake ambacho sisi wajukuu hatukuwahi kukivunja. Alimfundisha mama, na mama, jioni za Julai wakati baridi ya mlimani inapoteremka na ukungu kufunika michai, akanifundisha mimi lile ambalo mwalimu wa Sayansi Kimu hakuliweza: kisigino.

Msomaji anivumilie hapa, kwa sababu kisigino ndicho kiini cha jambo lote. Soksi ni bomba, na bomba hufumwa na yeyote. Unaanzisha vitanzi 64, unavigawa katika sindano nne, 16 kwa kila moja, na kwa sindano ya tano unazunguka. Karibu na mdomo unafuma viwili vikitazama nje na viwili vikitazama ndani ili uvutike na kubana ugoko. Kisha unateremka, mzunguko baada ya mzunguko, hadi kifundo cha mguu. Lakini mguu wa binadamu si bomba. Pale unakata kona. Hapo unaviacha vitanzi 32 vya mbele vipumzike, na 32 vya nyuma unavifuma peke yao, kwenda na kurudi, safu 32, hadi kinapatikana kipande kinachoning'inia kama leso ndogo. Fumbo linaanza hapo. Unafuma hadi kupita katikati kidogo, unaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, unafuma kimoja zaidi. Kisha, kabla hujafika mwisho wa safu, unageuka. Unarudi nyuma, unapita katikati kidogo, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuka tena. Kila mgeuko unakula kitanzi kimoja cha ukingoni. Akili inakuambia unaharibu kazi. Vidole vinaendelea. Ghafla kile kipande kilichokuwa bapa kinajikunja kama kikombe, na vitanzi 32 vimebaki 18. Unaokota 16 katika kila ubavu, unaviamsha vile 32 vilivyolala, unapata 82. Halafu unapunguza viwili katika kila mzunguko wa pili, mara tisa, na tazama, umerudi kwenye 64 zako na unaufuata wayo kuelekea vidoleni.

Nimefundisha fonolojia na sintaksia kwa miaka mingi, na sijawahi kuona kanuni iliyokaa vizuri kuliko hiyo. Tena ni ya kale. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London pamehifadhiwa jozi ya soksi nyekundu kutoka Oxyrhynchus nchini Misri, za kati ya mwaka 250 na 420 hivi. Zilitengenezwa kwa sindano moja, kwa ufundi mwingine uliotangulia ufumaji wetu, na kidole gumba kimetengwa ili zivaliwe pamoja na ndara. Mwingereza William Lee aliunda mashine ya kufuma soksi mwaka wa 1589. Tangu hapo soksi ya mkono haikuwa na sababu ya kiuchumi ya kuendelea kuwepo, ila imeendelea.

Kiswahili nacho kina ya kusema. Neno lenyewe, soksi, tumelikopa likiwa tayari katika wingi, kama tulivyokopa chipsi. Mwingereza akivua moja huondoa kiambishi cha wingi, sisi tunasema soksi moja bila wasiwasi. Mkufunzi wa mofolojia hufurahi zaidi akilifikia neno fuma. Ongeza kiambishi cha kutendua, upate fumua, kama vile funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua. Lugha imelipa tendo la kuharibu hadhi sawa na tendo la kutengeneza, na mfumaji anajua kwamba lugha haikukosea. Uzi wangu mwingi hutoka kwenye kufumua. Huenda sokoni nikatafuta sweta kuukuu za mitumba, za sufu halisi, na kabla ya kutazama rangi hugeuza ndani nikakagua mishono. Sweta iliyofumwa vipande vipande kisha ikaunganishwa kwa uzi hufumuka hadi tone la mwisho. Iliyokatwa na mashine kisha ikapigwa mshono wa ukingo hukupa vipande vifupi visivyofaa hata kufungia sukuma wiki. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja kama nywele. Huoshwa, hutundikwa na jiwe dogo chini yake, na kesho yake umenyooka. Akina mama wa mlimani waliozitia rangi ciondo zao kwa nyuzi za sweta walizijua mbinu hizi zamani, kabla mimi sijazaliwa.

Hiyo ndiyo raha yenyewe. Sasa niyaseme yale ambayo ningependa kuyaruka.

Nilikuwa nimeziacha sindano tangu shule ya msingi. Nikazirudia mwaka wa 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, nami nikakimbilia Runyenjes na vitabu vyangu. Mwanzoni nilifuma jioni. Baadaye nikafuma wakati wa mikutano ya idara kwenye kompyuta, kamera ikiwa imezimwa, na nikajiridhisha kwamba nasikiliza vizuri zaidi. Huenda ilikuwa kweli. Lakini ufumaji una ulaghai wake: haufanani na uvivu. Anayecheza karata anajua anacheza. Anayefuma anaona kazi ikikua mikononi mwake, kwa hiyo dhamiri yake inalala usingizi mnono. Kila mara husema, nimalize mzunguko huu tu.

Mwaka wa 2021 nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi wa uzamili, mwalimu wa shule ya upili ya kutwa, aliyeandika tasnifu yake usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Aliniletea sura mbili za mwisho. Niliziweka mezani. Juu yake nikaweka kikapu cha uzi, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimefika kisigino. Zilikaa pale majuma manne. Alinipigia simu mara mbili, kwa adabu ya kumwogopa mwalimu, na mara mbili nikamwambia ninazisoma. Tarehe ya kuwasilisha ikapita. Akakosa mahafali ya mwaka huo, akalipa karo ya mwaka mwingine, na nafasi ya kupandishwa cheo aliyokuwa akiitarajia ikamwendea mtu mwingine. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, lakini hawakusema kwamba ile inayoponyoka huenda ikawa mali ya mtu mwingine.

Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikawahubiria walimu na wanafunzi kwamba washike sindano watapata utulivu wa moyo. Wengine watapata. Nimewaona wanafunzi ambao hawawezi kusoma kurasa tatu bila kuitazama simu wakifuma kwa saa nzima, na baadaye wakasoma. Nimewaona wengine, mimi nikiwa mmoja wao, ambao kila kitu chema huwa pango la kujifichia. Ninachokikataa kabisa ni lile swali ninaloulizwa kila wiki: "Unauza ngapi?" Imekuwa kana kwamba Mkenya hana ruhusa ya kutenda jambo lisilo na bei. Nikianza kuziuza itanipasa nifume kwa haraka, na nikifuma kwa haraka nitanunua mashine, na William Lee alinitangulia kwa zaidi ya miaka mia nne.

Nimejiwekea sheria mbili. Ya kwanza, sindano hazivuki daraja la kutoka Runyenjes. Mjini ninakofanyia kazi sina hata kipande cha uzi. Ya pili, karatasi ya mwanafunzi haiwekwi chini ya kitu chochote. Ile ya pili nimeitimiza. Ya kwanza nimeivunja mara moja, nikiwa ndani ya matatu ya kwenda Embu, na abiria mmoja mzee akanisahihisha namna ninavyoushika uzi.

Likizo iliyopita nilimwanzishia mama jozi ya rangi ya kahawa, maana miguu yake siku hizi haipati joto hata akikaa karibu na meko. Soksi ya kwanza nilimaliza. Ya pili ilikuwa imefika kisigino, vitanzi 18 vikiwa kwenye sindano, barua ya idara iliponikumbusha kwamba karatasi za mtihani zilihitajika Ijumaa. Nikaitia katika kiondo, nikamwachia, nikaondoka. Jana usiku amenipigia simu. Anasema soksi moja haimsaidii, na kwamba amevaa miwani akakikagua kisigino changu, akakiona kimelegea, akakifumua. Anakianza upya mwenyewe.