Fundi, linda vidole vyako: vifaa vya usalama kwenye meza ya rauta

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa fundi wa mbao anayetumia meza ya rauta, kinga ipo, na sehemu yake kubwa inaweza kutengenezwa kwa mabaki ya mbao yaliyo sakafuni mwa karakana yake.

Karakana za mbao ni sehemu ya maisha ya mji wa Ogembo na vituo vya biashara vinavyouzunguka. Milango, fremu za madirisha, vitanda na viti vya sofa hutoka humo, vingi vikiwa vya mkaratusi na sipresi. Ili kupamba kingo za mbao au kuchonga mifereji kwa haraka, mafundi wengi sasa hutumia rauta. Hii si ile ya intaneti. Ni mota yenye biti kali inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Inapofungwa chini ya meza, biti huchomoza juu na fundi husukuma mbao kwa mikono. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu biti ikiwa kwenye kasi hiyo haionekani vizuri kwa macho, na kidole hakiwezi kurudi nyuma kwa wakati.

Kwa nini mbao huruka

Ukisimama mbele ya meza, biti huzunguka kinyume cha saa. Kwa hivyo mbao inayopita kati yako na ukuta wa kuongozea lazima isukumwe kutoka kulia kwenda kushoto, ili ikabiliane na mzunguko wa biti. Ukiisukuma kinyume chake, biti huinyakua na kuirusha, na mkono huvutwa pamoja nayo. Vilevile, usipitishe mbao katika nafasi iliyo kati ya biti na ukuta. Biti inapaswa kuwa imeingia kiasi ndani ya ukuta, huku sehemu inayokata tu ikibaki wazi.

Vifaa vinavyohitajika

Kinga ya biti. Kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, kilichofungwa kwenye ukuta juu ya biti, huzuia vidole na vipande vinavyoruka bila kuficha kazi.

Ubao wa vidole. Huu hushikilia mbao isiinuke wala kurudi nyuma. Chukua mbao ngumu yenye nyuzi zilizonyooka, kata ncha yake kwa mshazari wa digrii 30, kisha ipasue mipasuo ya sentimita 6 hivi, kila mmoja ukiwa milimita 5 kutoka kwa mwenzake. Ufunge kwa klampu upande wa kuingizia mbao, vidole vikielekea mbao inakokwenda.

Kijiti na kibao cha kusukumia. Mikono isikaribie biti kwa chini ya sentimita 15. Kipande kifupi cha chini ya sentimita 30 kisipitishwe peke yake. Chonga kwanza kwenye ubao mkubwa, kisha ukikate.

Pini ya kuanzia. Kwa mbao zilizopinda, ambazo haziwezi kufuata ukuta, tumia biti yenye beringi na uegemeze mbao kwenye pini kabla haijagusa biti.

Swichi isiyojiwasha. Stima hupotea na kurudi bila taarifa. Rauta yenye swichi ya kawaida itaanza kuzunguka pindi stima inaporudi, hata kama mkono wako uko juu ya biti. Swichi ya usalama hubaki imezimwa mpaka uibonyeze mwenyewe. Kama huna, chomoa plagi mara tu stima inapopotea. Pia ichomoe kila unapobadilisha biti.

Kasi nayo ni kinga. Biti pana inahitaji kasi ndogo. Ile ya sentimita 2.5 huvumilia kasi kubwa, lakini iliyozidi sentimita 7 hupunguzwa hadi 12,000 kwa dakika au chini. Chonga kidogo kidogo, kwa awamu kadhaa.

Macho, masikio na mapafu

Vaa miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele kazini zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na rauta inaweza kuzidi hapo. Vumbi la mbao liliorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 1995, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Fungua madirisha, vaa barakoa na fagia sakafu. Lakini usivae glavu, pete wala mikono mirefu iliyolegea karibu na biti, kwani vitu hivi huvutwa na mashine.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri azibe sehemu hatari za mashine, awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na asimweke mtu kwenye mashine hatari kabla hajafundishwa. Hilo linamhusu pia kijana aliyekuja kujifunza kazi. Leseni ya biashara hutolewa na kaunti, lakini usajili wa mahali pa kazi na ukaguzi wa usalama ni wajibu wa idara ya usalama na afya kazini ya serikali ya kitaifa. Kuwa na leseni hakukuondolei wajibu huo wa pili.

Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, pia ya mwaka 2007, mwajiri anatakiwa kuwakatia wafanyakazi bima. Ukiumia, mjulishe mwajiri mara moja. Yeye ana siku saba za kuripoti kwa mkurugenzi wa idara hiyo, nawe una miezi 12 ya kuwasilisha dai la fidia.

Kidole kikikatika

Zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Funga kipande kilichokatika kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha weka mfuko huo juu ya maji yenye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja. Mkimbize majeruhi hospitalini pamoja na kipande hicho.

Kabla ya kuwasha rauta kesho asubuhi, tenga saa moja utengeneze ubao wa vidole na kijiti cha kusukumia. Mlango unaweza kumalizika saa moja baadaye na mteja akaelewa. Kidole kikikatika, kazi ya mikono haitakuwa tena ilivyokuwa, na karo ya watoto hutoka kwenye mikono hiyo hiyo.