Ashesi: chuo kidogo kinachouza uaminifu

Mwaka 2002 Patrick Awuah, Mghana aliyekuwa mhandisi wa programu katika kampuni ya Microsoft, alifungua chuo kikuu binafsi cha Ashesi katika nyumba ya kupanga jijini Accra. Wanafunzi walikuwa 30. Mwaka 2011 Ashesi kilihamia kampasi yake yenyewe kilimani Berekuso, nje ya jiji, na mwaka 2018 kikapewa hati ya rais inayokiruhusu kutunuku shahada kwa jina lake. Awali kililelewa na Chuo Kikuu cha Cape Coast.

Mwombaji wa Nairobi au Mwanza aelewe kwanza biashara hii inavyojiendesha. Vyuo binafsi vingi barani hula ada: bila wanafunzi wengi, mishahara hailipiki, kwa hiyo hufungua matawi na madarasa ya jioni, na sifa za kujiunga hulegea taratibu. Ashesi kimekataa njia hiyo. Kimebaki kidogo na huchuja sana waombaji, huku pengo la mapato likizibwa na wafadhili: taasisi yake ya kuchangisha fedha iliyoko Marekani, na Mastercard Foundation, inayosomesha vijana wa nchi mbalimbali za Afrika wasio na uwezo. Faida yake ni ubora. Hatari yake ni kwamba mfadhili akichoka, ada haiwezi kubeba mzigo peke yake.

Anachonunua mwajiri pale ni uaminifu. Mwaka 2008 wanafunzi wenyewe walipiga kura kupitisha kanuni ya heshima: mtihani unafanywa bila msimamizi chumbani, na anayemwona mwenzake akiibia analazimika kumripoti. Mamlaka ya ithibati ya Ghana ilipinga mwanzoni, ikahofia mitihani ingekosa maana. Chuo kilishikilia msimamo wake na kanuni ikabaki. Kwa maoni yangu hiki ndicho kitu cha thamani kuliko majengo yote ya Berekuso, kwa sababu vyeti vya kughushi na mitihani iliyovuja vimewafanya waajiri wetu wamshuku hata kijana aliyesoma kwa jasho lake.

Masomo yenyewe si mengi: biashara, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, uhandisi ulioanza mwaka 2015, na machache yaliyoongezwa baadaye. Udaktari wa tiba haupo. Ila mhandisi naye hupitishwa kwenye semina za uongozi, uandishi na fikra tunduizi, na mwanafunzi wa biashara hujifunza kuandika programu. Kijana anayetaka kuzama kwenye fani moja tangu siku ya kwanza atachoka mapema.

Kwenye fedha, mzazi asiangalie bei iliyotangazwa tu. Wanafunzi wengi hupata nafuu ya ada kulingana na kipato cha familia, wengine kiasi, wengine yote. Usisubiri upokelewe ndipo uulize. Omba msaada pamoja na nafasi, na uwe na nyaraka za kipato tayari, hata kama mzazi ni mkulima asiye na hati ya mshahara. Kisha jumlisha nauli ya ndege, malazi, chakula na bima kwa miaka minne, maana ufadhili wa ada peke yake hauvigusi.