Mchango wa Kumtibu Paka

Watoto wa chuoni kwetu wamemwokota paka asiye na mwenyewe, aliyevunjwa mguu na gari, nao wakaanza kuchanga fedha za daktari wa wanyama. Wazee wawili wakatuuliza: yafaa, ilhali maskini wangalipo?

Twasema: Zaka haifai. Mafungu yake manane yametajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60; mafakiri na maskini ndio wa mbele, na paka hamo. Sadaka yafaa, kwani Mtume (S.A.W.), alipoulizwa juu ya wanyama, alijibu kwamba katika kila chenye uhai mna ujira.

Lakini fedha hizo ni amana. Mwenye kuchangisha na aseme wazi kuwa ni za paka. Na kikizidi kitu, au mnyama akifa kabla ya kutibiwa, awarejee waliotoa awaulize.